Begi Lililowahi Kiti

Baba yetu mkubwa, Mzee Apolinari, alifanya kazi reli miaka thelathini na moja, kwa hiyo kuna mambo mawili huwezi kumwambia akakuelewa. La kwanza, kwamba ugali wa kantini ya karakana haukuwa mtamu kuliko wa mkewe. La pili, kwamba treni inaweza kumwacha.

"Treni inaacha abiria," hutuambiaga. "Mie si abiria."

Hilo la pili ndilo lililotaka kumkosesha kaka yangu Fransis mke.

Nianzie kwa huyo mke. Anaitwa Adelina, anafundisha chekechea, na kwa sababu ambazo familia yetu bado inazichunguza, anampenda Fransis. Shida ilikuwa baba yake. Mzee Godlisten ni mwalimu mkuu mstaafu, anaishi Tegeta, na siku Fransis alipokwenda kujitambulisha alichelewa dakika arobaini. Fransis alieleza foleni, akaeleza mvua, akaeleza lori lililolala barabarani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama saa ya ukutani, akasema: "Kijana, geti la shule yangu lilikuwa linafungwa saa moja na nusu. Hata mtoto wangu mwenyewe aliwahi kubaki nje. Barua ya posa iletwe Jumamosi, saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika moja mimi sina binti wa kuozesha."

Fransis alirudi nyumbani, hakula chakula siku mbili. Ya tatu alikula, lakini kwa huzuni.

Sasa kwa desturi yetu mwoaji habebi barua yake mwenyewe. Anatumwa mshenga. Mshenga akawa baba mkubwa, na mie, Alfonsi, nikawa msaidizi wa mshenga, cheo ambacho kazi yake ni kukimbia pale ambapo mshenga hawezi kukimbia. Wala mie wala yeye hatukuwahi kumwona huyo Mzee Godlisten kwa macho. Tulichojua ni kwamba ni mkali, na kwamba ana kibanda cha kuku shambani Chanika, kila Ijumaa analala huko. Hilo la kuku lishike, maana sie tuliliachia.

Sie tunakaa Mitambani, huku pembezoni ambako treni ya asubuhi ya kwenda mjini ndiko inakoanzia. Saa kumi na mbili asubuhi stesheni yetu imejaa kuliko kanisa la Pasaka. Bajaji zinateremsha, bodaboda zinateremsha, watu wa Chanika wanakuja na vifurushi vyao, na kila mtu analenga kitu kimoja: kiti. Na sheria ya kiti pale Mitambani ni moja tu. Kitu chako kikishaingia dirishani, kiti kina mwenyewe. Nimeona kiti kikiwahiwa kwa mwavuli, kwa kofia, kwa Biblia, kwa fungu la mchicha. Kuna bwana mmoja aliwahi kwa kiatu cha kushoto, akapita mlangoni anaruka mguu mmoja, na kiti akakikuta. Watu wa treni ile watagombania mpira, watagombania siasa, lakini fungu la mchicha likishakaa, limekaa.

Jumamosi ile tulifika mapema. Baba mkubwa alivaa suti yake ya kijivu na ndala. Viatu vyake vizuri vilikuwa ndani ya begi jeusi, kwa sababu vumbi la Mitambani halina adabu na viatu vya mtu. Ndani ya begi hilohilo kulikuwa na kitenge cha mama mkwe na barua ya posa kwenye bahasha ndefu. Maisha yote ya Fransis yalikuwa humo, na zipu yenyewe ilikuwa mbovu kidogo.

Treni ilipoingia, baba mkubwa alisogea dirisha la behewa la tatu. Ndani alikuwa ameshakaa mzee mmoja mwenye kofia ya kahawia, trei mbili za mayai mapajani, kiti cha pembeni yake kitupu.

"Habari za asubuhi, mzee mwenzangu," akasema baba mkubwa, na begi likapita dirishani. "Nishikie hapo."

Yule mzee akalitazama begi, kisha akamtazama mwenye begi. "Unakuja?"

"Nakuja."

"Basi kipo."

Mtu mwingine angepanda. Lakini baba mkubwa akishapata kiti hubadilika, anakuwa kama mtu mwenye nyumba. Akageuka, akaelekea kwa Mama Editha muuza kahawa.

"Shikamoo, Mzee Apolinari! Leo suti?"

"Marahaba, mwanangu. Nina safari ya heri. Nipe kikombe na kashata mbili."

"Baba mkubwa, twende tukakae," nikasema.

"Alfonsi, mwenye kiti hana haraka."

Honi ikalia. "Baba mkubwa, honi hiyo!"

"Imelia moja." Akapuliza kahawa. "Treni hulia mara mbili. Ya kwanza ni ya kuwaita abiria, ya pili ni ya kuaga. Miaka thelathini na moja, Alfonsi, sijaona treni isiyoaga."

Treni haikuaga.

Mie nilikimbia, kama cheo changu kinavyotaka. Niligusa chuma cha mlango wa mwisho, nikaambulia kutu viganjani. Nilipogeuka, baba mkubwa alikuwa bado amesimama na kikombe, kichwa kakiinamisha upande, anasikilizia honi ya pili. Behewa la mwisho lilipopotea kwenye kona ndipo akameza kashata.

"Huyo dereva," akasema, "ni mgeni."

"Baba mkubwa, barua!"

Ndipo akaitazama mikono yake. Mkono mmoja kikombe, mwingine hauna kitu. Akatazama miguu yake. Ndala. Nilimwona anazeeka miaka minne hapohapo. "Fransis ataniua," akasema. "Na akiniua, nitazikwa na ndala."

Aliyekuwa wa kwanza kwenye zamu ya bajaji ni Nurdin, ambaye nyuma ya bajaji yake kaandika HARAKA YA NINI. Tukaingia bila kupatana.

"Shikamoo mzee wangu. Tunaelekea?"

"Marahaba. Ifukuze treni."

Nurdin alitugeukia polepole, uso umejaa furaha. Nadhani ni jambo alilokuwa akilisubiri tangu apate leseni. "Mzee wangu," akasema, "jishikilie."

Mahesabu yalikuwa mazuri. Treni ile hukaa dakika kadhaa kwenye kila kituo, na kituo kinachofuata, Njiapanda ya Kokoto, kiko ng'ambo ya reli. Tulipita kwenye uwanja wa shule, tukapita kati ya mbuzi wawili waliokuwa na mazungumzo yao, tukatokeza barabarani tukiwa mbele ya treni kabisa. Nurdin akaanza kuimba. Kisha geti la reli likashuka mbele ya pua ya bajaji.

"Mzee, fungua!" nikamlilia mlinzi wa geti. "Tuna dharura!"

"Treni inapita."

"Treni gani?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Hiyo hapo."

Ilikuwa ileile yetu. Geti lilifungwa ili treni tunayoifukuza ipite bila kusumbuliwa na sie tunaoifukuza. Nikamtazama baba mkubwa nikitegemea atagomba. Alikuwa ameshashuka, amesimama wima na ndala zake, anampigia saluti mlinzi wa geti. "Safi kabisa," akamwambia. "Kanuni ni kanuni. Usifungue hata nikikulilia."

Treni ikapita taratibu mbele yetu, na behewa la tatu tukaliona wazi kama televisheni. Watu wamesimama wamebanana mpaka mlangoni, kwapa la huyu sikioni kwa yule. Katikati ya wote, dirishani, yule mzee wa mayai amekaa, na pembeni yake, peke yake kwenye kiti, begi jeusi limetulia kama bibi harusi. Mkono mmoja wa mzee ulikuwa juu ya trei, mwingine juu ya begi.

"Mzee mwenzangu!" akapaza baba mkubwa. "Hicho kiti changu!"

"Njoo ukae!"

"Nakuja!"

"Ulisema hivyohivyo Mitambani!"

Behewa zima likacheka. Mama mmoja aliyesimama akadakia: "Baba, huyo haji tena! Toa begi nikae, miguu imevimba!"

"Nimeahidi, mama," tukamsikia akijibu. "Ukichoka sana kaa changu, mimi nitasimama. Hiki kina mwenyewe."

"Usimpe mtu!" akapiga kelele baba mkubwa.

"Mimi sigawi vitu vya watu! Wewe ndiye unayevitupa!"

Na treni ikaenda zake. Wakati huu ikapiga honi mara mbili.

Geti lilipofunguka treni ilikuwa imeshaondoka Kokoto. Tukaendelea kuifuata kuelekea mjini, baba mkubwa akitafakari. "Mkali yule mzee," akasema. "Lakini mwaminifu. Mtu kama yule ndiye wa kuungana naye ukoo, siyo huyo wenu wa Tegeta wa kuchungulia saa kama mchemsha maharage."

Simu ikaita. Fransis. "Mmefika wapi?"

"Tunakwenda vizuri, braza," nikamwambia. "Begi limetangulia."

"Limetangulia na nani?"

Nikakata. Mtu akiwa na njaa ya huzuni humpi habari zote kwa pamoja.

Nurdin alitushusha pale bajaji zinapokatazwa kuvuka kuingia katikati ya mji. Kutoka pale tulitembea ule mwendo ambao si kukimbia lakini pia huwezi kuuita kutembea, ndala za baba mkubwa zikipiga makofi barabarani mpaka watu wanageuka. Tulipoingia stesheni ya mjini ilikuwa saa mbili na dakika kumi na tano. Treni ilishateremsha watu nusu saa nzima iliyopita. Jukwaa lilikuwa tupu, isipokuwa benchi moja: trei mbili za mayai, kofia ya kahawia, begi jeusi. Mbele yao alisimama dada wa stesheni, jina lake Tekla kifuani, na karatasi mkononi.

"Mzee, nimekwambia, mizigo iliyosahauliwa tunaijazia fomu inakwenda stoo," dada Tekla alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayerudia mara ya tano.

"Haikusahauliwa. Imewahi kiti."

"Treni imefika, mzee. Kiti kimeisha."

"Neno langu halijaisha." Akatazama saa yake ya mkononi, na nilimwona akiuma mdomo. "Nina miadi yangu, basi langu la kawaida limeshaondoka, na bado nimekaa hapa. Kwa hiyo usiniambie habari za fomu."

Hapo sie tukatokea, jasho linatiririka. Baba mkubwa akanyoosha mikono kama anayempokea mtoto. Yule mzee akalivuta begi nyuma.

"Taja kilichomo."

"Lakini si ulinipokelea wewe mwenyewe dirishani!"

"Nilipokea begi la mtu aliyesema anakuja. Wewe hukuja. Taja."

Kulikuwa na tatizo. Baba mkubwa anaamini barua ya posa haitajwi njiani. Ikitajwa kabla haijafika, inaharibika kama maziwa. "Viatu," akasema.

"Kila mtu ana viatu."

"Cheusi cha kulia kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Fundi aliishiwa uzi mweusi."

"Na kingine?"

"Kitenge cha mama mmoja."

"Mkeo?"

"Si mke wangu."

Dada Tekla akakunja fomu yake akakaa kwenye benchi. Mambo yalianza kumpendeza.

"Na kuna... karatasi," akamalizia baba mkubwa.

Yule mzee akafungua zipu, ikakwama, akaifungua tena. Akatoa kiatu cha kulia, akakitazama uzi. Akagusa kitenge. Kisha akaivuta bahasha nusu, akasoma kilichoandikwa juu. Akasoma tena. Aliirudisha polepole sana, akafunga zipu yote, hata pale pabovu, akamkabidhi baba mkubwa begi.

Wewe unayesoma umeshajua. Hongera. Ulikuwa umekaa mahali unasoma. Sie tulikuwa tunahema na ndala.

"Mnakwenda wapi na hii karatasi?" akauliza.

"Tegeta," akasema baba mkubwa, akianza kuvaa viatu pale kwenye benchi, na kwa vile begi lilikuwa limerudi, mdomo ukafunguka. "Kuna mzee mmoja huko, ndugu yangu, Mungu akuepushie. Eti saa nne kamili. Saa nne na dakika moja hana binti! Kwani anaozesha mtoto au anapiga kengele ya shule?"

"Ni mzee wa ajabu?"

"Wa ajabu sana."

"Umemwona?"

"Sina haja ya kumwona. Watu wa namna hiyo wanaonekana kwa mbali."

Yule mzee akainua trei zake za mayai. "Saa mbili na nusu," akasema. "Basi la Tegeta linalojaa sasa litafika kabla ya saa nne. Litakalofuata halitafika." Akaondoka, kwa hatua za mtu mwenye mayai sitini.

Baba mkubwa alifunga kamba za viatu kwa ustadi wote wa karakana, kwa hiyo tulipofika kwenye kituo cha mabasi basi lilikuwa limeshawasha injini. Ndani kulikuwa kumebaki kiti kimoja, cha dirishani. Na mlangoni, mguu mmoja ngazini, alikuwa yule mzee na mayai yake. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Begi jeusi lilipita kando ya kofia ya kahawia, likaingia dirishani, likatua kwenye kiti.

Mzee akaligeukia begi. Wakatazamana, maana kwa wakati huo walikuwa wanafahamiana vizuri kuliko sisi.

"Mzee panda tu usimame," konda akamwambia. "Mayai tutayashikashika."

"Hapana." Akashuka ngazi. "Hiki kina mwenyewe."

Baba mkubwa alipokaa alitoa kichwa dirishani. Aibu ilikuwa imemshika kidogo, si sana. "Nisamehe, mzee mwenzangu! Ni safari ya heri!"

"Nimeona," akajibu yule mzee, na basi likaondoka.

Tulibisha hodi Tegeta saa nne kasoro dakika sita. Mama Adelina alitufungulia, akatukaribisha sebuleni, akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akatazama tena saa. "Karibuni, karibuni sana. Mzee yuko njiani anarudi. Sijui kimempata nini. Saa hizi huwa ameshakaa."

Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kushona, na kiti kimoja kikubwa chenye mikono, kinatazama saa. Baba mkubwa, kwa mazoea tu, akaweka begi kwenye kile kikubwa. Nilimwona Mama Adelina akivuta pumzi, lakini mgeni hafundishwi.

Saa nne ikagonga. Hakuna mtu. Saa nne na dakika moja, baba mkubwa akanigeukia na uso ambao nitaukumbuka mpaka uzeeni.

"Alfonsi," akanong'ona, "mwenye geti yuko nje ya geti."

"Baba mkubwa, tafadhali."

"Akiingia namuuliza: mzee, leo kuna foleni? Kuna mvua? Kuna lori limelala?"

Aliifanyia mazoezi hiyo hotuba mara tatu. Alikuwa ameifikisha kwenye lori, saa nne na dakika ishirini na tano, mlango ulipofunguka. Kwanza yakaingia mayai. Halafu ikaingia kofia ya kahawia.

Sikuwa nimewahi kuona hotuba ikimezwa. Ilishuka kooni kwa baba mkubwa kama mfupa wa samaki. Nilijua anachokumbuka, maana mie pia nilikuwa nakikumbuka kimoja kimoja: maharage, kengele, wa ajabu sana. Nikamfikiria Fransis. Nikafikiria nitamwambia nini kwenye simu. Begi limetangulia, halafu?

"Baba Adelina!" mkewe akasema. "Umechelewa! Dakika ishirini na tano!"

"Najua. Nilikosa basi."

"Wewe? Umelikosaje?"

Mzee Godlisten akampa trei za mayai, akavua kofia. "Nilifika. Kiti kilikuwa na mwenyewe." Kisha akageuza shingo, akaona kiti chake kikubwa, na juu yake begi jeusi. Akakinyooshea kidole. "Na hicho nacho?"

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani nilisikia mtu anazuia kicheko, Adelina. Saa ya ukutani ilisikika tik, tik. Baba mkubwa akasimama, akaweka koti lake sawa, akaliinua begi kwa mikono miwili kutoka kwenye kiti.

"Hicho nacho kina mwenyewe, mkwe," akasema. "Tulikuwa tunakuwahia."

Mzee Godlisten hakucheka mara moja. Alikaa kwanza. Akanyoosha mikono, akalipokea begi, akalipakata mapajani, mkono juu yake kama asubuhi kwenye treni, na ndipo mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua miwani. Baba mkubwa alianza kumwomba radhi, kuanzia kwenye maharage ambayo mzee hata hakuyasikia, lakini mzee akamkatiza kwa mkono.

"Nilikuwa na nafasi ya kujitambulisha kule stesheni," akasema. "Nikataka nione kwanza kama begi litafika. Limefika kabla yangu. Basi mwambieni kijana wenu, binti yupo."

Akafungua zipu, pale pabovu pakamsumbua kidogo, akaitoa bahasha. Akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, akayarudisha kwetu.

"Watu wakiuliza," akasema, "barua nimeipokea saa nne."

"Kamili," akasema baba mkubwa.